Ardhi nyekundu ya Kondoa, ardhi nyekundu ya Luberon

Nimezaliwa Kondoa, kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma, kwenye makorongo mekundu. Anayeijua Kondoa ya zamani atakumbuka mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, na jinsi mwaka 1979 mifugo ilivyoondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka ili ardhi ipumzike. Kuna familia zilihama na ng'ombe wao kwa sababu ya udongo ule. Mimi nimekua nikiusikia ukizungumzwa kwa huzuni: unachukuliwa na maji, unakata barabara, unang'ang'ania kwenye sare ya shule hata usugue vipi. Halafu masomo ya uchoraji yakanipeleka kusini mwa Ufaransa, kwenye shule ndogo ya sanaa katika kijiji kimoja cha eneo la milima la Luberon, karibu na mji wa Apt, na huko nikakuta watu ambao kwa zaidi ya karne mbili wameishi kwa kuchimba, kuosha na kuuza udongo wa rangi ileile.

Wanafunzi wa sanaa wa nyumbani huniuliza: huko Ufaransa mnafundishwa nini ambacho hapa hakipo? Nimekuwa nikiwajibu kwa vipande vipande kwenye simu. Leo nataka kueleza vizuri kuhusu ile miezi ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha namna ninavyochora.

Wengi wakisikia Ufaransa wanaona Paris. Mimi sikuingia Paris. Kituo cha treni ya kasi kiko palepale chini ya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle. Nilipanda hapo, saa chache baadaye nikateremka Avignon, nikachukua basi la mkoa kuelekea Apt. Ilikuwa Septemba, msimu wa kuchuma zabibu. Kila upande mizabibu, miti ya cheri, mizeituni, na vijiji vya mawe vimekaa juu ya vilima. Kaskazini ulionekana Mont Ventoux, mlima wenye urefu wa mita 1,900 na ushei, kilele chake cheupe. Niliamini ni theluji. Abiria jirani akaniambia ni mawe ya chokaa matupu.

Maisha ya kijijini yana adabu zake, na mtu aliyelelewa pwani au bara kwetu hatapata tabu nazo. Ukiingia dukani bila kusema "bonjour" umeingia kama mwizi. Unasalimia kwanza, ndipo unaomba mkate. Ukikutana na mzee njiani unasalimia hata kama humjui. Bibi mwenye nyumba niliyopanga alinisikia nikimsalimia kila asubuhi kwa kuinama kidogo, kama tunavyosalimia wakubwa, akaanza kuniachia mayai mlangoni. Duka la mikate lina siku yake ya kufunga, na kuanzia saa sita mchana hadi saa nane au tisa karibu kila kitu kimefungwa. Mabasi ni machache. Ukilikosa la jioni, unatembea. Haya nayapita haraka, kwa sababu mtu huyazoea baada ya wiki chache.

Kilichonishughulisha kweli kilikuwa jua.

Darasa la kwanza la rangi halikuwa na rangi. Mwalimu wetu, mama mtu mzima aliyechora maisha yake yote katika bonde lile, alituwekea kiti cha mbao uani akatuambia tuchore kivuli chake tu, kwa mkaa, saa baada ya saa, kuanzia asubuhi hadi jua lizame. Kiti chenyewe tusikiguse. Wenzangu kutoka Ulaya walifanya bila shida. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya karatasi muda mrefu, kwa sababu kivuli kile kilikuwa kinafanya mambo ambayo sijawahi kuyaona.

Nieleze. Kondoa iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua linapita utosini kabisa, na adhuhuri kivuli chako unakikanyaga kwa miguu yako mwenyewe. Miezi mingine halisogei mbali sana. Luberon iko karibu nyuzi 44 kaskazini, na huko jua halifiki utosini hata siku moja. Mwishoni mwa Septemba, wakati wa adhuhuri, kivuli cha mtu kina urefu unaokaribia sawa na urefu wake. Desemba, adhuhuri hiyohiyo, kivuli kinazidi mara mbili ya mtu. Maana yake kuta, miti, nyuso za watu, vyote vinamulikwa kutoka ubavuni siku nzima. Upande mmoja wa pua una mwanga, mwingine una giza, na hali hiyo haikomi mchana wote. Nilipokuwa nikisoma kuhusu wachoraji wa Ulaya na ule mchezo wao wa nuru na kivuli, nilidhani ni mtindo wa kufundishwa darasani. Pale uani nikaona kwamba walichora walichokiona.

Jambo hilo likanirudisha kwenye michoro ya Tingatinga, ambayo baadhi ya walimu huitaja kwa dharau kidogo, eti haina kina, haina kivuli. Edward Saidi Tingatinga aliianza Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za makopo juu ya mbao laini za hadibodi: rangi bapa, kali, inayong'aa. Sasa naamini, na nitalitetea hili popote, kwamba rangi bapa ni ukweli wa jua la utosini. Simama Dar saa sita mchana wa Februari uangalie kanga iliyoanikwa. Kivuli kiko wapi? Jua limekifuta. Hakuna sababu ya mchoraji wa Masasi au wa Morogoro kuona haya kwamba picha yake haina vivuli vya Avignon.

Na saa yenyewe ilinitatiza. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo, na Kondoa jua huchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima. Luberon, Desemba, saa mbili asubuhi jua bado halijachomoza, na saa kumi na moja jioni linazama. Mchana mzima hautimizi saa tisa. Halafu Juni, saa tatu usiku bado unaweza kusoma gazeti barazani. Septemba, kwa sababu saa za Ufaransa husogezwa mbele majira ya joto, jua hufika juu kabisa saa saba na nusu mchana. Nilipokuwa nikipanga kuchora nje ilinibidi niache saa ya ukutani nifuate kijiti nilichokichomeka uani. Mama akinipigia simu jioni na kuniuliza, "Mwanangu, huko kumekucha au kumekuchwa?" jibu lilibadilika kila mwezi. Machweo nayo hayaishi haraka. Kwetu jua likizama, giza linafuata upesi. Kule nuru inabaki hewani muda mrefu baada ya jua lenyewe kutoweka, ya waridi kwanza, halafu ya zambarau, na mchoraji anapata muda wa kufanya kazi ambayo nyumbani ningeifanya kwa kukimbizana.

Wiki zilizofuata tulikwenda kijiji cha Roussillon.

Sikuwa nimejiandaa. Basi linapanda kona moja, na mbele yako unasimama ukuta wa ardhi nyekundu, juu yake misonobari ya kijani, juu yake mbingu ya buluu. Nyumba zote za kijiji zimepakwa lipu iliyochanganywa na udongo wa palepale: njano, chungwa, waridi, nyekundu ya damu. Nililia, na sikujificha. Niliona korongo la nyumbani, lile tulilokatazwa kucheza ndani yake wakati wa mvua. Lakini lile la kwetu lilichimbwa na maji baada ya miti na majani kumalizwa, na hili la Roussillon lilichimbwa na watu kwa sululu, kwa makusudi, wakitafuta rangi.

Mwishoni mwa karne ya 18 mtu wa Roussillon aitwaye Jean-Étienne Astier alianza kuosha mchanga ule ili kupata unga wa rangi, na kutoka hapo ikakua biashara iliyouza rangi nchi za mbali kwa ajili ya kuta, lipu, hata bidhaa za mpira. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa mwaka 1929, zikaja rangi za viwandani, na machimbo yakafungwa moja baada ya jingine. Kiwanda cha Mathieu, nje kidogo ya kijiji, kilifanya kazi kuanzia 1921 hadi 1963. Leo ni mahali pa kufundishia mambo ya rangi, na ndipo tulipojifunzia. Jirani, huko Gargas, bado kuna machimbo yanayofanya kazi.

Kazi yenyewe inaanza na mchanga. Mchanga wa pale sehemu yake kubwa ni chembe za kwatsi, zisizo na faida kwa mchoraji. Rangi ni ule udongo laini sana uliogandamana nazo, udongo mweupe wa mfinyanzi uliobeba kutu ya chuma. Unamwagiwa maji mengi. Mchanga ni mzito, unazama upesi kwenye mifereji. Udongo wa rangi ni mwepesi, unaelea na maji hadi kwenye mabwawa ya kutulia. Hapo unaachwa. Maji safi yanaondolewa kwa juu, tope jingine linaongezwa, na hivyo hivyo majira yote ya baridi. Jua na upepo wa kiangazi vinakausha, na kabla haujakauka kabisa unakatwa vipande kama tofali, unapangwa, kisha unasagwa na kuchekechwa. Ukitaka nyekundu, unaichoma ile njano. Huongezi kitu chochote. Moto unayatoa maji yaliyomo ndani ya kutu na njano inageuka nyekundu mbele ya macho yako. Mwalimu alitupa kila mmoja kijiko cha unga wa njano na kikaangio, tukafanya wenyewe.

Baada ya hapo tulisaga. Unaweka unga kwenye kioo kinene, unatia mafuta ya mbegu za kitani kidogo kidogo, na unazungusha jiwe la kioo hadi sauti ya kukwaruza iishe. Mikono inauma. Nilipopaka rangi ile kwenye turubai nilielewa tofauti yake na ya kopo: rangi ya kopo inakaa juu ya picha na kung'aa, hii inaingia ndani na kutulia. Kuna picha zinazotaka ile na kuna zinazotaka hii. Nashukuru kuzijua zote mbili.

Lakini lililonikaa zaidi ni maelezo kuhusu asili ya wekundu ule. Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita eneo lile lilikuwa chini ya bahari, na mchanga wake ulikuwa wa kijani. Bahari iliporudi nyuma, hali ya hewa pale ilikuwa ya kitropiki: joto, mvua nyingi, unyevu. Mvua hizo ndizo zilizoosha mchanga kwa muda usiohesabika na kuacha chuma kikapata kutu. Yaani wekundu wa Provence, jina la eneo lile la kusini mwa Ufaransa, unaopigwa picha na watalii wa dunia nzima, ulitengenezwa na hali ya hewa ya joto na mvua, hali ya ukanda wetu. Niliposikia hivyo niliacha kujiona mgeni mbele ya ukuta ule. Nilijua ninachokitazama kuliko wengi waliokuwa pale.

Na nilikuwa na cha kuwaonyesha. Mwalimu aliposema kila mwanafunzi aeleze mahali anapotoka, nilifungua picha za Kolo. Kwa wasiojua: kwenye barabara ya Kondoa kwenda Babati, pembeni kwenye milima, kuna mapango na majabali yenye michoro ya kale. Kuna maeneo zaidi ya 150, na mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Twiga, pofu, tembo, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wengi wao wakiwa wamechorwa kwa udongo mwekundu wa chuma. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili. Mungomi wa Kolo bado ni mahali pa matambiko, watu wanakwenda kuomba mvua na uponyaji. Darasa lilinyamaza. Mwalimu aliomba nirudi nyuma kwenye picha moja, ya mtu aliyechorwa kwa mistari myembamba mno, akasema mkono uliochora mistari ile ulikuwa na mazoezi ya miaka mingi. Nilisimama pale nikiwa na fahari, na pia uchungu, kwa sababu najua ni wanafunzi wangapi wa sanaa Tanzania wamemaliza masomo bila kufika Kolo. Mimi mwenyewe nilipelekwa na mjomba, shule haikunipeleka.

Roussillon kuna njia ya kutembelea kwenye miamba, ina ngazi za mbao na kingo, unalipa kiingilio, na unakatazwa kuchukua hata bumba la udongo. Vumbi jekundu tu linakufuata kwenye viatu. Kolo kuna kituo na waongoza wageni wanaoijua kazi yao, lakini michoro iko wazi kwa upepo na mvua, na kuna watu ambao wamechimba karibu na majabali wakitafuta mali inayosemekana kufichwa na Wajerumani. Naandika hili kwa sababu linaniuma. Nimeona kwa macho yangu kijiji kinachokula na kusomesha kwa sababu kimeheshimu udongo wake.

Upepo nao ulitufundisha. Mistral unashuka kwenye bonde la mto Rhône kutoka kaskazini, mkavu na wa baridi, na ukiamua unapita kilomita 90 kwa saa. Ndiyo maana nyumba za zamani za mashambani hazina madirisha upande wa kaskazini, na mashamba yamezungushiwa misaipresi. Mchoraji Vincent van Gogh alifika mji wa Arles Februari 1888, na Mei 1889 akaenda Saint-Rémy alikokaa mwaka mmoja. Katika barua zake anaeleza jinsi alivyokuwa akiifunga stendi yake ya kuchorea kwenye vigingi ili upepo usiibebe. Nasi tulifanya hivyohivyo. Faida yake ni kwamba mistral ukishapita, hewa inakuwa safi kabisa, na vivuli vinakuwa buluu. Buluu kweli. Niliwahi kudhani wachoraji wa pale walitia chumvi.

Upweke ulikuwepo, sitauficha. Kijijini usiku hakuna muziki wa jirani, hakuna chapati inayonukia, hakuna mtu wa kubisha hodi bila taarifa. Kifaransa changu kilikuwa cha vitabuni na wazee wa pale huzungumza kwa lafudhi yao ya kusini. Dawa yangu ilikuwa Marseille. Katika soko la Noailles kuna nazi, mihogo, ndizi za kupika, bamia, na kuna Wangazija wengi, kwa kuwa Marseille ni mji wenye jamii kubwa sana ya watu wa Komoro. Mama mmoja aliyevaa saluva, vazi la wanawake wa Komoro, alinisikia nikihesabu bei kwa Kiswahili kwa sauti ya chini. Yeye akazungumza Kingazija polepole, mimi Kiswahili polepole, tukaelewana vya kutosha hadi akanikalisha nyuma ya meza yake na kunipa chai. Kila nikienda huko hupita kumwamkia. "Shikamoo mama," namwambia, naye huniuliza kama nimekula. Anayekwenda kusoma mashambani kusini mwa Ufaransa aweke akiba ya nauli ya Marseille kabla ya kuweka ya Paris.

Mambo ya karatasi nayataja kwa ufupi. Viza ya muda mrefu ya mwanafunzi inathibitishwa kwa intaneti ndani ya miezi 3 tangu kufika; usingoje mwezi wa tatu. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, na vijijini kazi zipo hasa wakati wa kuchuma zabibu na zeituni. Beba viatu vya kutembelea, na sweta nene kuliko unavyodhani. Jua la Provence katika picha halionyeshi baridi ya Januari. Na udongo wa nyumbani usiufunge kwenye begi, hata kama ni kijiko kimoja cha kumbukumbu. Sheria za Umoja wa Ulaya zinakataza kuingiza udongo kutoka nchi za nje.

Kwa hiyo kazi ya udongo wa Kondoa inafanyika Kondoa. Nilimweleza mdogo wangu wa kiume kwa ujumbe wa sauti: chukua udongo pale barabara ilipokatwa, usisogelee majabali ya michoro. Ponda, chekecha, tia kwenye ndoo ya maji, koroga kwa nguvu, hesabu pumzi chache mchanga uzame, kisha mimina maji mekundu kwenye ndoo ya pili. Yaache usiku kucha. Mwaga maji ya juu taratibu, anika kinachobaki kwenye sinia. "Dada, imetoka laini kama poda," aliniambia, "na ya chini ya daraja ni tofauti na ya kilimani, moja ina zambarau." Nikamwambia aziweke kwenye chupa tofauti na kuandika mahali kila moja ilipotoka. Amekwisha kukusanya rangi kadhaa, mwalimu wa sanaa wa shule ya sekondari ya jirani ameziomba kwa ajili ya darasa lake, na wanafunzi wanazichanganya na kiini cha yai kwa kuwa mafuta ya kitani hayapatikani kirahisi. Likizo ijayo nakwenda kukaa nao wiki mbili, asubuhi tutachora vivuli kwa mkaa, mchana tutaosha udongo, na siku moja tutapanda gari twende Kolo.